Tope la Ijumaa

Jambo lenyewe lilianza na kikombe cha maji, tena katika nyumba ya mwanamke ambaye usafi wake ulikuwa umewachosha majirani. Nyatichi alichemsha maji ya kunywa, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayaacha yapoe mtungini, na ole wake aliyechovya humo mkono mchafu. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, walipokwisha kuvaa nguo za kanisani na binti yao Bonareri akaomba maji, hakuna aliyechungulia ndani ya kikombe. Mtoto alipiga funda moja, akasita, akatema. Chini ya kikombe kulikuwa na tope jekundu, laini, limetulia kama uji.

"Baba Bonareri, njoo uone," Nyatichi alisema.

Mogire akaja huku anafunga tai. Maji ya mtungini yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Nyatichi alichota kikombe kingine mbele yake, na nacho kilikuwa safi, lakini alipompa Bonareri na vidole vya mtoto vikakigusa, maji yakaanza kugeuka rangi polepole, kutoka chini kwenda juu, na chumba kikanuka kinamasi. Mogire alisema ni kutu ya kikombe. Kikombe kilikuwa cha plastiki, ila mkewe hakubishana naye kwa sababu Shule ya Sabato ilikuwa karibu kuanza.

Kanisani Mogire aliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Rangi ya lile tope aliijua vizuri, maana alikuwa amelikanyaga tangu masika yaanze.

Mwaka huo wa 1996 kampuni ilikuwa ikikata kilima ili kuteremsha barabara mpya upande wa Homa Bay, na Mogire, aliyehamia huku na familia yake kutoka Kisii, alikuwa nyapara wa mitaro. Kilima kikishachanwa na greda hubaki uchi, na mvua ikinyesha hushusha udongo wote mtoni. Basi mwisho wa mtaro, juu kidogo ya kijito cha Nyandema, walikuwa wamechimba shimo pana, na ukingoni mwake wakasimamisha vigingi na kuvivisha magunia ya mkonge. Maji machafu yaliingia shimoni, tope likazama, na maji yaliyopenya kwenye magunia yakaenda kijitoni yakiwa na adabu zao. Sharti lilikuwa moja tu, shimo lisiachwe lijae. Miezi yote hiyo Mogire hakuliacha lijae, na alikuwa akijisifu kidogo kwa hilo.

Kijito chenyewe kilitoka katika chemchemi, jicho la maji lililojificha chini ya mawe, na watu wa bondeni walichota hapo. Mogire alikuwa ameona kwamba wanawake wakilikaribia jicho hilo hunyamaza wote, hata wale wenye midomo ambayo sokoni haifungwi. Aliwacheka moyoni. Yeye alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na mambo ya kunyamazia mawe hayakumhusu.

Wiki ile mvua ilinyesha bila huruma. Watu wake walichukuliwa kwenda kuzibua kalvati, bomba la maji chini ya barabara, lililoziba upande wa pili wa kilima, na waliporudi Ijumaa alasiri walikuta shimo limejaa hadi ukingoni, magunia yamevimba, na mawingu mengine yanapanda. Jua nalo lilikuwa linashuka. Likizama, Sabato imeingia.

"Nyapara, wewe enda nyumbani," alisema Wangwe, Mkuria wa Ntimaru aliyeongoza wachimbaji. "Mimi na hawa watu tutatoa hiyo tope. Tukiwasha taa ya lori tutamaliza."

"Hapana. Mkifanya kazi kwa amri yangu, ni mimi nimefanya."

"Basi usituamrishe. Enda tu."

"Wangwe, hii kazi ni yangu. Hata nikiwa nimelala, ni yangu."

Wangwe alishangaa, kwa kuwa kwao hakuna siku iliyowahi kumkataza mtu kushika koleo. Mogire alitazama shimo, akatazama tuta jipya la barabara. Shimo likifurika usiku, maji yangerudi nyuma na kulila lile tuta, na Jumatatu angeulizwa. Akaitisha panga. Akashuka mwenyewe, jua likiwa bado juu kidogo ya vilima, akayakata magunia moja baada ya jingine.

"Litaenda ziwani," alisema. "Ziwa ni kubwa."

Tope la wiki nzima likateremka bondeni kwa mlio wa mtu anayemeza. Saa ile vyura wa Nyandema walikuwa wakipiga kelele zao za jioni, na tope lilipofika kijitoni walinyamaza wote kwa pamoja. Wangwe alivua kofia, akasimama nayo mkononi. Mogire alifika nyumbani jua likiwa na ukanda mwembamba uliobaki, akaoga, akala, akaimba na familia yake wimbo wa kuifungua Sabato, na roho yake ilikuwa tulivu kabisa.

Jumapili alishuka kijitoni na kumkuta Rael, mama mmoja wa bondeni, ameketi juu ya debe tupu kana kwamba alikuwa anamngoja.

"Nyapara, ni wewe umetufanyia hivi?"

Jicho la maji halikuonekana. Mahali pake palikuwa na tope zito, jekundu, sawasawa kama sakafu iliyosiribwa.

"Nitaleta watu, mama. Wataitoa."

"Lini?"

"Wiki hii."

Rael alishusha sauti mpaka Mogire ikambidi ainame. "Ndani ya hiyo maji kuna mama. Sisi hatumtaji. Wakati wa mvua anazaa, na sisi tunanyamaza mpaka watoto wapate nguvu. Sasa wewe umewamwagia mchanga kwa pua." Akainuka, akachukua debe lake. "Uko na mtoto wewe?"

Mogire alisema anaye, msichana. Rael alitikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo watu hawakupatikana. Mhandisi alitaka shimo jipya lichimbwe kwanza, kisha mawe yapangwe mtaroni, na kila jioni Mogire alijiambia kesho. Bonareri alianza kikohozi. Kilikuwa kikohozi kizito, cha chini, na Nyatichi alipoweka leso mdomoni mwa mtoto ilirudi nyekundu. Alidhani ni damu, akapiga ukelele. Kisha akaisugua leso kwa vidole, ikawa inakwaruza. Ulikuwa udongo.

Hospitalini walimpokea vizuri, wakamlaza, wakampiga picha ya kifua. Daktari aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akauliza kama mtoto aliwahi kufukiwa na maporomoko. Nyatichi akasema hapana. Mogire alikuwa akitazama viatu vyake. Madaktari walijaribu kila walichokuwa nacho, na katika wodi nzima ni kikombe cha Bonareri peke yake kilichokuwa na tope, hata alipopewa cha mgonjwa mwenzake. Alikuwa mtoto wa kuruka kamba na kuuliza maswali yasiyoisha, na sasa alilala akitazama dari, akihesabu pumzi zake kama mtu anayepanda mlima. Dawa zilipokwisha bila nafuu, Nyatichi aliomba arudi naye nyumbani.

Alasiri waliyorudi, mvua ilianza tena. Nyatichi alitoka kwenda jikoni, kibanda cha nyuma ya nyumba, na Mogire akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kiganja cha mtoto. Kwanza alisikia mtu anakung'uta miguu mlangoni. Akaita, "Karibu." Hakuna aliyejibu. Halafu zikaja nyayo, chap, chap, nyayo za mtu aliyelowa, zikavuka sebule ambayo Nyatichi alikuwa ametoka kuipiga deki na kuikausha, zikaingia chumbani mbele ya macho yake, na kila zilipokanyaga sakafu ya saruji pakabaki alama ya maji yenye tope, kisigino na vidole, nyembamba, za mwanamke, zikazunguka kitanda taratibu bila haraka, kama mwenye nyumba anavyozunguka chumba cha mwanawe aliyelala, mpaka upande wa pili, na hapo godoro likabonyea, likabonyea sana, harufu ya kinamasi ikamjaa Mogire puani na kooni, akataka kuomba na maneno yote aliyoyajua tangu utotoni yakamkimbia, na ndipo sauti iliposema, karibu kabisa, bila hasira yoyote:

"Wako anapumua?"

Mogire alikaza kiganja cha mtoto.

"Wangu hawapumui," ilisema sauti.

Nyatichi alipoingia na bakuli la uji alimkuta mumewe bado amemshika mtoto kiganja na sakafu yake imechafuka. Alimgombeza kwa kuingia na miguu yenye tope. Mogire alimwacha agombe.

Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, wakamwekea mtoto mikono. Walipoondoka, Mogire alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Wangwe anasema kuna mama Kendu Bay, Mwislamu. Anasoma Kurani tu, si uchawi."

"Mganga?"

"Anasoma tu."

"Mogire, siku nitakayosikia umemhusisha mtoto wangu na mganga, mimi na yeye tunarudi kwetu." Alisema hivyo akiwa anampepea Bonareri, wala hakugeuka. "Mungu anamwona huyu mtoto. Kesho ni Sabato. Nitambeba kanisani wafunge na kumwombea mchana kutwa. Wewe kama umechoka kuomba, lala."

Mogire hakulala. Alfajiri alimwambia mkewe kwamba mtaro umebomoka na ameitwa, uongo wa kwanza aliowahi kumwambia siku ya Sabato, akapanda gari la kwanza la Kendu Bay.

Bi Kultum alikuwa mjane, mwembamba, mwenye duka la viungo na kanga. Babu yake alikuja kutoka pwani na kuzikwa hapo, na yeye Kiswahili cha huko hakikumtoka kinywani. Alimsikiliza Mogire mpaka mwisho huku akipima bizari ya mteja. Kisha akafunga duka.

"Mwanangu, kuna majini ya kuingia watu, hayo nayatoa. Huyu hajamwingia mtoto wako. Kilichomo kifuani mwa mtoto ni udongo wako wewe, umerudishiwa. Ukiutoa kule, na huku utatoka."

"Nitaleta watu Jumatatu, na makoleo."

"Koleo halijui kilicho hai. Utauzoa kwa mikono, tena yako. Leo."

"Leo ni Sabato, mama."

Bi Kultum alikuwa anajitanda mtandio. "Mtoto atakungoja mpaka Jumatatu?"

Mogire alitangulia mlangoni.

Walifika Nyandema saa za mchana, jua limejificha, upepo hakuna. Hata ndege hawakuwako. Kutoka kanisani kwao, juu kilimani, wimbo ulisikika, nao Mogire aliutambua kuwa ni ule mkewe anaoupenda, na alijua kwamba Nyatichi yuko pale mbele, amepakata mtoto. Bi Kultum aliketi juu ya jiwe, akatia ubani katika chetezo, akaanza kusoma kwa sauti ya chini isiyokatika. Mogire alivua shati, akapiga magoti, akatumbukiza mikono topeni hadi kwenye viwiko.

Alizoa. Alizoa na kutupa nyuma, akazoa na kutupa, mpaka kucha zikamuuma, na tope likawa la baridi kadiri alivyokwenda chini, baridi ya kitu ambacho hakijawahi kuona jua, na alipokuwa amezama mpaka mabegani, shavu lake likigusa tope, kitu kikamshika kidole. Kilikuwa kiganja. Kiganja kidogo, laini, chenye vidole vitano vilivyojikunja kwenye kidole chake kwa nguvu zile zile alizozijua, kwa maana Bonareri alimshika hivyo siku aliyozaliwa, na Mogire alitaka kukimbia na hakukimbia, akavuta polepole, akasikia uzito mdogo unamfuata mkononi, unateleza, unapita katika maji machache yaliyoanza kuchipuka, na ukaenda, hakuona kitu ila wimbi dogo, kisha akaingiza tena mkono na kingine kikamshika, na kingine, akawa anavuta na kulia, anavuta na kuwaomba radhi kwa Kikisii, lugha ambayo bila shaka hawakuijua, na kila kimoja kilipotoka maji yalipanda zaidi, mpaka jicho likafunguka chini ya mawe na mkono wake ukagusa kiganja cha mwisho.

Alikishika. Alikingoja. Alikibonyeza kidogo, kama mtu anavyomwamsha mtoto. Kiganja hakikumshika.

Bi Kultum alikuwa ameacha kusoma. "Wametoka wote?"

Mogire alifikiria kusema ndiyo. Maji yalikuwa yamesimama kabisa, hayapandi wala hayashuki, na juu kilimani wimbo ulikuwa umekatika na watu wanaomba kwa sauti za wasiwasi. Akaelewa kwamba mtoto wake alikuwa anamalizikiwa na pumzi.

"Mmoja hakushika," alisema.

Bi Kultum aliinamia maji, akatega sikio, na kwa mara ya kwanza Mogire aliona hofu usoni mwake.

"Anasema wako atamwachia apumue. Hataki kuua, kuua hakutamrudishia wake. Lakini ana maziwa, na ana mikono, na pamebaki nafasi. Anataka kumlea wako pamoja na mamake."

"Kumlea vipi?"

"Sikujua hata mimi kwamba huwa wanaomba hivyo." Alifuta uso kwa mtandio. "Sikiza. Hili si lako peke yako. Mamake yuko pale juu. Panda ukamuulize, sisi tutangoja, na yeye atangoja, nitamwomba angoje."

Mogire aliinua macho kilimani. Kumuuliza Nyatichi ilikuwa kumwambia habari za Bi Kultum. Na kumwambia habari za Bi Kultum ilikuwa kumwambia habari za magunia, na panga, na Ijumaa ile aliyoimba huku roho yake imetulia. Kutoka pale hadi kanisani si mbali, mtu anaweza kukimbia. Alibaki amepiga magoti.

"Mwambie tumekubali," alisema.

"Nyie nani?"

"Mimi na mamake."

Bi Kultum alirudi ukingoni mwa maji. Halafu akayaambia maji. Chemchemi ikabubujika kwa nguvu, safi, baridi, ikazunguka magoti ya Mogire, na juu kilimani ikasikika sauti ya Nyatichi ikimshukuru Mungu, na kanisa zima nyuma yake. Bonareri alikuwa ametapika tope lote juu ya sakafu ya kanisa, kisha akavuta pumzi, kisha akaomba chakula.

Habari hiyo ilisimuliwa makanisani hadi Migori. Nyatichi alisimama kila Sabato kutoa ushuhuda, na Mogire, kando yake, alisema amina. Kazini aligeuka mtu mwingine. Shimo likifika nusu lilizolewa, iwe Ijumaa iwe siku gani, na alipanda nyasi kwenye kingo zote za barabara mpaka mhandisi akampongeza mbele ya watu. Vyura walirudi. Rael alichota maji yake akampita bila salamu, ila bila laana pia, na Mogire akaanza kuamini kwamba yale maneno ya pale majini yalikuwa maneno tu.

Siku moja ya manyunyu, miezi baadaye, Nyatichi alirudi kutoka sokoni na kikapu chake. Mogire alikuwa kibarazani anatengeneza mpini wa jembe, na Bonareri ameketi kwenye ngazi, mnene, mwenye afya, anatazama mvua. Asubuhi mama yake alikuwa amemwacha na nywele timutimu, ameahidi kumsuka akirudi. Sasa zilikuwa zimesukwa. Mistari myembamba, iliyonyooka, ya ufundi ambao Nyatichi hakuwa nao, na yote ilikuwa imelowa.

"Nani amekusuka?"

"Mama."

"Mama gani? Si mimi nimefika sasa hivi?"

Bonareri alimtazama kwa upole, kama mtu asiyependa kumwumiza mwenzake. "Yule mwingine. Mkono wake ni mwepesi. Amesema wewe unanivuta sana."

Nyatichi alicheka kidogo, akaacha. "Baba Bonareri, mtoto anasema nini?"

Mogire aliinamia mpini wake.

"Baba anamjua," alisema mtoto. "Muulize. Ni yeye alisema nyote mmekubali."

Nyatichi aliweka kikapu chini taratibu, akamgeukia mumewe, akangoja.